TAHARIRI: Usiandike "Sababu Binafsi" Kama Sababu Siyo Zako

"Andika mwenyewe barua, utoke kwa heshima."

Kama umewahi kuajiriwa sekta binafsi nchi hii, au una rafiki aliyeajiriwa huko, sentensi hiyo unaijua. Husemwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, wakati mwingine na soda mezani. Bosi hana hasira, anaonekana kabisa kama mtu anayekusaidia. Eti ukifukuzwa jina litachafuka, eti barua ya kufukuzwa itakufuata kila ofisi utakayobisha hodi, lakini ukiandika mwenyewe kwamba unaacha kazi kwa "sababu binafsi" yanaisha kimya kimya na mnabaki marafiki. Kijana anaandika. Peni anapewa hapo hapo. Jioni anarudi geto akidhani ameokoa heshima yake, kumbe ametia saini karatasi ya gharama kuliko zote alizowahi kusaini.

Tunaliandika hili kwa sababu linawagusa makamanda wengi moja kwa moja. Wengi wetu hatuko serikalini. Tuko kwenye shule binafsi, hoteli, kampuni za ulinzi, viwanda, maduka ya jumla, ofisi ndogo zenye wafanyakazi sita na feni moja. Na msimu wa siasa ukipamba moto, picha moja tu ya mtu amevaa fulana ya chama kwenye mkutano wa hadhara ikiingia kwenye grupu la WhatsApp la kazini, maisha yake pale yanaweza kubadilika kuanzia kesho yake. Hakuna mwajiri mwenye akili atakayeandika kwamba anakufukuza kwa sababu ya chama chako. Anajua hawezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na maoni ya kisiasa yametajwa humo waziwazi pamoja na kabila, dini, jinsia na ulemavu. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kukufanya uondoke kwa mkono wako mwenyewe.

Tuangalie basi unachokitoa pale unapokubali.

Mwajiri akikuachisha kazi nawe ukaenda kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, kifungu cha 39 kinamtaka yeye athibitishe kwamba kukuachisha kulikuwa kwa haki. Yeye ndiye wa kuhangaika na mafaili, yeye alete sababu, yeye aonyeshe utaratibu alioufuata. Ukishaandika barua ya kuacha kazi meza inapinduka. Sasa ni wewe wa kuthibitisha kwamba hukuondoka kwa hiari, na kielelezo cha kwanza dhidi yako ni mwandiko wako mwenyewe. "Sababu binafsi." Utamwambia nini msuluhishi?

Halafu kiinua mgongo. Mfanyakazi aliyemaliza angalau miezi 12 anastahili mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili alioutumikia, hadi kikomo cha miaka 10. Lakini hiyo ni pale mwajiri anapovunja mkataba, na isiwe kwa kosa la kinidhamu lililothibitika. Mtu wa miaka 6 kazini anazungumzia mshahara wa siku 42. Akiacha mwenyewe, hakuna. Kuna waajiri wanaoijua hesabu hiyo vizuri sana, na ndiyo maana soda inakuwa mezani.

Na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mnakumbuka kelele za 2018, fao la kujitoa lilipoondolewa na vijana wa mikataba mifupi wakabaki wameshika tama? Kilichowekwa badala yake ni fao la kukosa ajira. Fao hilo halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo yule aliyesukumwa nje ya mlango, akaandika kwamba ametoka mwenyewe, anafika kwenye dirisha la mfuko na kukuta barua yake imemtangulia.

Ni karatasi moja, na mistari yake haizidi minne.

Sasa, sheria haijawaacha kabisa waliosukumwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinatambua kuacha kazi kwa kulazimishwa. Mwajiri akifanya mazingira ya kazi yasivumilike mpaka mfanyakazi akaondoka, sheria inaweza kuhesabu kwamba mwajiri ndiye aliyevunja mkataba. Kanuni ya 7 imetoa mifano: unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, na pia kutendewa isivyo haki. Hapo pa kutendewa isivyo haki pana sharti ambalo vijana wengi hawalijui, na ndilo linalowaangusha: unatakiwa uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama una sababu ya maana ya kutozitumia.

Maana yake kwa lugha ya kitaa ni kwamba kulia kwenye grupu la marafiki haihesabiki. Umehamishwa zamu usiku wiki tatu mfululizo tangu waone picha yako mkutanoni? Andika barua kwa meneja, weka tarehe, baki na nakala. Mshahara wa miezi miwili haujaingia? Andika. Supavaiza anakushika shika? Andika, na kama supavaiza huyo ndiye unayetakiwa umpelekee malalamiko, mwandikie aliye juu yake. Hizo karatasi ndogo ndogo ndizo zitakazosema wakati wewe umekaa mbele ya msuluhishi na wakili wa kampuni anakutazama kama mtoto.

Na siku ukiamua kwamba basi, huwezi tena, barua yako ya kuacha kazi iseme ukweli. Kwanza sheria yenyewe inataka notisi iandikwe, iwe na sababu na iwe na tarehe ya kutolewa. Kwa hiyo kama sababu ni mishahara, andika mishahara. Kama ni matusi, andika matusi na tarehe zake. Hii tabia ya kunakili "sababu binafsi" kutoka mfano wa barua uliokutwa mtandaoni tuiache. Ukipewa barua iliyokwisha kuchapwa usaini, omba muda wa kuisoma nyumbani. Wakikunyima muda huo, jua tayari kilichomo. Usisaini. Akitaka uondoke, yeye ndiye aandike. Hiyo barua ya kufukuzwa wanayokutishia nayo ni ya kwao kuitetea.

Siku zinahesabiwa pia. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo haki linapelekwa CMA ndani ya siku 30, kwa fomu ya CMA F.1. Vijana wanakaa miezi mitatu wakisubiri bosi "atulie wayamalize", halafu wanakwenda na kuambiwa waombe kwanza kuongezewa muda na waeleze walikuwa wapi. Jingine: ulinzi huo wa kuachishwa isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ndiyo maana kuna maeneo mtu huletewa maneno ya "tutakupigia" mwezi wa tano.

Hayo ni ya waliosukumwa. Wapo na wanaoacha kweli, kwa sababu wamepata mchongo mzuri zaidi, wanarudi shule, wanahamia mkoa mwingine, au wamechoka tu. Hapa lawama tutawagawia na sisi vijana, maana tuna ugonjwa wa kuingia mitini. Mshahara unasoma tarehe 28, tarehe 29 simu imezimwa. Wengine wanaona ni ujanja, na ukiwauliza watakwambia "na wao wangenifukuza bila notisi". Inawezekana kabisa. Ila hebu tazama nani anaumia.

Kifungu cha 41 kinasema hivi. Mtu wa mshahara wa mwezi, notisi ni siku zisizopungua 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza wa ajira, siku 7. Na siku hizo zinawabana wote wawili. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, lakini lazima uwe sawa kwa mwajiri na mwajiriwa. Ukikuta mkataba unaokutaka wewe utoe miezi mitatu huku kampuni ikikuaga kwa wiki mbili, hiyo ni karatasi inayopingana na sheria, hata kama uliisaini kwa furaha.

Ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahili zako kiasi ambacho ungelipwa kama ungefanya kazi siku hizo. Hiyo ndiyo "notisi ya saa 24" ya mtaani inapotokea. Watu wanaiongelea kama haki fulani iliyoandikwa mahali. Kwenye kifungu cha 41 haimo. Kilichopo ni kwamba unaondoka haraka na unailipia. Wakati mwingine inafaa, kama kazi mpya inakusubiri Jumatatu na mshahara wake ni mara mbili. Lakini ifanye kwa hesabu, na kwa makubaliano ya maandishi, usije ukakatwa mwezi mzima halafu ukasikia pia kwamba ulitoroka kazini.

Anayetoroka hupoteza zaidi ya mwezi. Likizo ambayo hujaenda ina pesa. Sehemu ya mwaka uliyofanya kazi inahesabiwa kwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 za kazi, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi siku 156 tangu likizo yake ya mwisho ana mshahara wa siku 12 unaomngoja. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako mwajiri akubali asikubali, na ndicho kitakachokuthibitishia miaka yako ukiomba kazi kwingine. Kama mkataba umekoma mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, kuna suala la nauli na mizigo. Hivi vyote vinadaiwa na mtu aliyeaga. Aliyezima simu atadai akianzia wapi?

Wenye mikataba ya muda maalumu wasome hapa mara mbili. Kama umesaini mwaka mmoja, usidhani siku 28 zinakutoa tu. Kanuni ya 6 inasema utauvunja mkataba kabla ya muda pale mwajiri anapokiuka jambo la msingi ndani yake, na kama hajakiuka, mkubaliane. Angalia kwanza kama mkataba wenyewe una kipengele cha notisi. Wengi tunacho ila hatukukisoma, kwa sababu kurasa kumi zote ziko kwa Kiingereza. Watumishi wa umma nao wana taratibu zao, na ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo tarakimu hizi msizichukue kichwa kichwa.

Basi umetoa notisi. Zile wiki nne ni ngumu, hatutadanganyana. Bosi anakusalimia kwa kichwa, wenzako wanakwepa kukaa na wewe kantini, kazi chafu zote ghafla zina jina lako. Wapo watakaokwambia "nenda tu likizo yako humo humo ndani ya notisi". Kataa kwa upole. Sheria inasema notisi haitolewi mtu akiwa likizo na wala haiendi sambamba na likizo. Likizo ina siku zake na notisi ina siku zake, ukizichanganya umewazawadia pesa. Wakisema hawataki kukuona, sawa, wakulipe mshahara wa kipindi hicho ukakae nyumbani, na hilo walisema kwa maandishi.

Fika kwa wakati kila siku. Hatusemi hivyo kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Siku 28 hizo ndizo ambazo mwajiri mwenye kinyongo hutafuta kosa, na kosa la kinidhamu likipatikana hadithi yako nzima inabadilika. Fanya makabidhiano kwa orodha: funguo, sare, kompyuta mpakato, simu ya ofisi, stoo, fedha za kaunta, kila kimoja kikiwa na saini ya aliyepokea. Usipofanya hivyo, wiki mbili baadaye utasikia kuna upungufu stoo na mshahara wako umezibia pengo. Hata kama upungufu upo, kukukatia mshahara kuna masharti: uwe umekubali kwa maandishi, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya malipo yako.

Halafu tumia siku hizo kuchungulia michango yako ya NSSF ukiwa bado uko ndani ya geti. Mwajiri anaweza kuwa anakukata kila mwezi na fedha hazifiki. Ukiwa bado mfanyakazi, mhasibu atakujibu hata kwa kununa. Ukishatoka, mlinzi aliyekuwa anakuita "braza" atakuuliza una miadi na nani. Vyeti vyako halisi vya shule, kama waliving'ang'ania tangu siku ya kwanza, vidai kwa barua wiki ya kwanza ya notisi, usisubiri ya mwisho.

Kuna jambo linachekesha kidogo kwenye haya yote. Wakubwa wa nchi hii hawana siku 28. Kati ya 2017 na 2019 tulishuhudia wabunge waliochaguliwa na wananchi wakijivua uanachama asubuhi na kupokelewa chama kingine jioni, eti kuunga mkono juhudi, na sisi walipa kodi tukagharamia uchaguzi wa marudio. Tarehe 6 Januari 2022 aliyekuwa Spika, Job Ndugai, alijiuzulu kwa barua moja na mhimili mzima ukabaki bila kiongozi. Hakuna aliyewauliza makabidhiano ya stoo. Ila dada anayeuza kwenye duka la nguo akichelewa siku mbili kuaga, anakatwa mwezi.

Tunachokidai hakihitaji fedha nyingi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mikataba ya ajira ya vijana wa kidato cha nne bado inaandikwa Kiingereza, na wizara yenye dhamana ya kazi inajua. Itoe agizo. Maofisa kazi waache kupiga simu kabla ya kukagua, waingie viwandani na wafungue mafaili ya walioacha kazi: mahali ambapo barua kumi za kuacha kazi zina maneno yale yale, na mwandiko wa tarehe ni wa mtu mmoja, hapahitaji mpelelezi kutoka nje. Na fao la kukosa ajira lisimnyime mtu ambaye CMA imeona alilazimishwa kuandika barua. Wanachama wetu wenye taaluma ya sheria, hili ni la kwenu pia. Jumamosi moja kwa mwezi kwenye ofisi ya kata, meza na viti viwili, mtu aje na mkataba wake asomewe. Hilo halihitaji dola.

Kwa anayeondoka kwa hiari, barua haihitaji mapambo. Jina lako na cheo, jina la mwajiri. "Leo tarehe 2 Machi natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi, kwa sababu nimepata ajira nyingine. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 30 Machi. Naomba kulipwa mshahara hadi siku hiyo, malipo ya likizo ambayo sijachukua, na kupewa cheti changu cha utumishi." Saini. Toa nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine inarudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa baruapepe ya ofisi siku hiyo hiyo, na piga picha nakala yako kabla hujatoka getini.